Dume wa Kichupa cha Kumi na Saba

Makumbusho, chumba cha vichupa
4 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba, maana najua umeshaniamkia kabla hujamaliza kuchana bahasha. Huku tu wazima. Paa la chumba changu bado linavuja juu ya kabati la nge, na mkuu wa idara bado anaahidi fundi. Mama Vipepeo wa chumba cha jirani anakusalimu. Anasema siku ukija umletee nondo, si buibui, kwa kuwa buibui hawana adabu. Nilimjibu kwamba nondo wanakula nguo za watu, tukanuniana mpaka saa ya chai. Dada yangu hajambo? Magoti yake je? Mwambie yale mafuta niliyomtumia ni ya kupaka, si ya kuwekwa juu ya kabati yakatazamwa.

Sasa kaa chini. Vichupa vyako ishirini na vinne vilifika salama, pamoja na ile chupa kubwa ya majani uliyoyachekecha kule bondeni. Nilivipitia kimoja kimoja. Nilipofika kichupa cha kumi na saba nikakuta buibui wawili, jike mmoja na dume mmoja, na nilipomweka yule dume chini ya hadubini ilibidi ninyanyuke, nikanawe uso, nirudi.

Ni mkubwa kidogo tu kuliko punje ya ulezi. Ana macho sita badala ya manane. Tumbo lake lina ngao juu na ngao chini, rangi ya chai isiyo na maziwa. Lakini unakumbuka nilichokufundisha: buibui humtambui kwa sura, mtazame vile vimiguu viwili karibu na mdomo, vipapasio. Dume hubebea humo mbegu zake, na kila spishi ina umbo lake ambalo haliingii kwa jike wa spishi nyingine. Cha huyu kina ndoano mbili zinazotazamana na unywele mmoja uliopinda. Nimefungua kila kitabu na kila droo. Hayupo. Hakuna aliyewahi kumwandika.

Miaka thelathini na moja nimewachambulia maprofesa, nimewaandikia vibandiko, nimewachorea. Jina langu huwa kwenye shukrani, mwisho kabisa wa makala, mahali ambapo msomaji ameshaondoka. Juzi mkuu wa idara alimtazama huyu dume muda mrefu, kisha akasema, "Huyu andika wewe, mzee. Ni wako." Nilirudi nyumbani kwa miguu siku hiyo, sikulikumbuka hata basi.

Nitaanza na michoro. Chupa kubwa nitaichambua wiki hii, huenda ina wenziwe. Niandikie kila kitu kuhusu bonde lile: unyevu, kina cha majani, miti iliyo juu yake.

Mjomba wako

---

Kituo cha msitu
21 Februari

Mjomba,

Shikamoo, tena shikamoo mbili, moja ya umri na moja ya buibui. Nilisoma barua yako nimesimama mlangoni na viatu vya matope, Mama akanifokea kwa ajili ya sakafu, nilipomsomea akasahau sakafu. Anasema alijua toka ukiwa mtoto kwamba kutambaa chini ya vitanda kutakufikisha mahali. Mafuta anapaka. Goti la kulia limelegea kidogo, la kushoto bado linamsumbua akishuka ngazi. Simu hapa haishiki hata ukipanda juu ya paa, kwa hiyo tutaendelea na bahasha na kondakta wa basi.

Bonde: majani yamelala kina cha mkono mpaka kiwiko. Chini yake ni baridi hata mchana. Nimezunguka msitu mzima na chekeche langu, juu kilimani na upande wa mto, na buibui huyo simpati popote isipokuwa pale. Bonde zima unaweza kulivuka kwa dakika ishirini.

Ndiyo maana nimeshtuka, Mjomba. Bonde hilo limo kwenye ramani ya kukatwa. Kamati ya msitu inakaa tarehe 30 Juni kuamua sehemu gani zikatwe na zipi ziachwe. Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuandika orodha ya viumbe wote wa eneo hili na kuitia sahihi. Nilimuuliza mwenyekiti: je, kukiwa na kiumbe asiyepatikana pengine popote? Akasema, "Bonde litatolewa kwenye ramani. Sheria iko wazi. Lakini niletee karatasi ya wataalamu, si maneno ya mtu na chekeche lake."

Karatasi hiyo ni wewe. Ikichapishwa vizuri, na hata ikiwa imepokelewa tu na jarida inatosha. Una miezi minne. Mchore haraka, mzee wa watu.

Mpwa wako

---

Makumbusho
15 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Nisamehe kwa kuchelewa, kulikuwa na ukaguzi, tukahesabishwa mitungi ya spiriti mpaka migongo ikauma. Natumaini wewe na dada yangu hamjambo. Huku kuna joto na mafua, vyote kwa pamoja. Mama Vipepeo amevunjika kidole kwa kuangukiwa na droo ya nondo, nami sikucheka.

Habari za kamati nimezielewa. Tarehe 30 Juni ni mbali, usiwe na wasiwasi, kazi inakwenda.

Chupa kubwa nimeichambua siku tatu, sahani baada ya sahani, mpaka tone la mwisho. Hakuna hata dume mmoja. Nimeshaweka alama yangu juu ya kifuniko, na unajua chumba hiki kinavyokwenda: chupa yenye alama yangu haifunguliwi tena na mtu.

Kwa hiyo nakuomba unitafutie dume mwingine. Mmoja hatoshi. Msomaji atauliza kama zile ndoano mbili ni za spishi nzima au ni kilema cha huyu mmoja, na atakuwa na haki ya kuuliza. Chekecha pale pale ulipompata wa kwanza.

Taa ya hadubini inanisumbua. Nimebadilisha balbu mara mbili, na ya pili ni hafifu kama ya kwanza. Siku hizi wanatengeneza vitu ovyo.

Mjomba wako

---

Kituo cha msitu
9 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Mama anakusalimu na anakupa pole ya balbu. Mvua inanyesha tangu wiki iliyopita, nguo hazikauki, na panya amehamia kwenye sanduku langu la vichupa akiamini kwamba nimemjengea.

Nimechekecha magunia arobaini ya majani. Nimeyahesabu, na mgongo umeyahesabu. Nimepata majike kumi na mmoja, wote wamo kwenye kifurushi hiki. Dume hata mmoja sikumpata. Nadhani wana msimu wao na umeshapita, wale wa mwanzo niliwapata Januari kabla ya mvua.

Nikuulize bila kukukosea heshima: kwani dume mwingine ni wa lazima? Wewe mwenyewe uliniambia kuna buibui wengi wenye jina kwa jike peke yake, na mahali pa dume wameandika "hajulikani" na dunia haikuanguka. Sasa una dume mmoja na majike kumi na wawili. Huo si utajiri?

Halafu jambo jingine. Herufi zako zimenenepa. Barua ya Februari ilikuwa ukurasa mmoja na umesema mengi. Hii ya Machi ni kurasa nne na maneno machache, na mstari mmoja umepanda juu ya mwenziwe. Mama anasema umeanza kunywa. Nimekutetea, lakini si kwa moyo wote.

Mpwa wako

---

Makumbusho
2 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Mwambie dada yangu kwamba herufi kubwa ni kwa heshima yake, kwa kuwa hana miwani na hataki kununua. Sijanywa. Majike wamefika, asante, na pole kwa mgongo.

Sasa usinifundishe kazi niliyokufundisha. Kuandika jike peke yake ni kazi ya watu wenye haraka. Nimeona makala za namna hiyo zikirudishwa na kuchekwa. Nimengoja miaka thelathini na moja, sitatoka na nusu ya buibui. Dume wa kwanza yupo, yu salama kabisa kwenye kichupa chake, nimemfunga mara mbili. Ninachotaka ni wa pili wa kulinganisha. Ukimpata leo, ndani ya siku kumi nitakuwa nimemaliza.

Mama Vipepeo ameanza tabia ya kuingia humu bila kubisha na kuuliza kama nahitaji msaada. Msaada wa nini? Nimemwambia arudi kwa wadudu wake.

Tafuta chini ya miti iliyoanguka. Dume hupenda penye giza.

Mjomba wako

---

Kituo cha msitu
27 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Sisi wazima. Mama ameanguka bafuni lakini hakuvunjika kitu, amekasirika tu, na hasira kwake ni dawa.

Dume sijampata. Nimetafuta chini ya miti iliyoanguka, chini ya mawe, ndani ya mashina. Juzi wapimaji walishuka bondeni na makopo ya rangi nyekundu. Kila mti mkubwa sasa una duara. Walikuwa wanapiga mluzi. Nilisimama na chekeche langu, mmoja akaniuliza kama nachagua mchele.

Nakuomba jambo jepesi, Mjomba. Achana na makala kwa sasa. Niandikie barua moja, ukurasa mmoja, yenye muhuri wa makumbusho, iseme kwamba kuna spishi mpya kutoka bonde hili, na kwamba uandishi wake unaendelea. Nimemuuliza katibu wa kamati, amesema barua ya namna hiyo inatosha kuliondoa bonde kwa mwaka mzima. Baada ya hapo tafuta dume wako kwa raha zako.

Nimekuomba. Iandike leo, mpe kondakta kesho.

Mpwa wako

---

Kituo cha msitu
18 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Sina habari za nyumbani leo, na salamu zangu ni fupi, nisamehe.

Wiki tatu sijapata jibu. Nimeuliza ofisi ya basi, kondakta anaapa kwamba alikukabidhi barua mkononi. Jumanne nilishuka mjini nikapiga simu makumbusho. Bawabu akasema, "Mzee yupo, mzima, anakuja kila siku saa mbili kasoro." Nikamwambia akuambie ujibu barua yangu, ni ya haraka. Akasema atakuambia, na namwamini.

Ningekuja mwenyewe, lakini ni siku mbili kwenda na mbili kurudi, na nimenyimwa ruhusa mpaka orodha iishe. Zimebaki siku kumi na mbili. Kama umekasirika kwa sababu ya maneno yangu ya Aprili, nimeyarudisha yote. Kama ni mgonjwa, mwambie mtu aniandikie. Nahitaji ukurasa mmoja na muhuri.

Tafadhali, Mjomba.

Mpwa wako

---

Kituo cha msitu
6 Julai

Mjomba,

Kamati ilikaa. Nakuandikia ili ujue, si ili unijibu.

Tulikuwa watu tisa kwenye chumba cha mikutano, dirisha moja, feni moja. Ilipofika zamu ya bonde, mwenyekiti akanitazama.

"Mwanzoni mwa mwaka uliniambia habari za buibui," akasema.

"Ndiyo, mzee. Yupo makumbusho, anaandikwa."

"Na nani?"

"Na mjomba wangu."

Wakacheka kidogo, si kwa ubaya. Mwenyekiti akaniuliza kama nina karatasi yoyote. Nikasema inakuja. Akasema, "Binti, nimekungoja tangu Februari. Niambie ukweli, inakuja au haiji?" Nikasema sijui, na pale hilo lilikuwa jibu.

Orodha ina safu ya buibui. Mahali pa spishi zisizopatikana pengine, iwapo hakuna karatasi, lazima liandikwe neno "hakuna". Nililiandika kwa mkono wangu na nikatia sahihi, mbele ya watu wanane.

Wanaanza kukata tarehe 9.

Mpwa wako

---

Makumbusho
19 Julai

Mpwa wangu,

Mwandiko huu si wangu. Ni wa Mama Vipepeo. (Naandika anavyosema, sipunguzi wala siongezi. Na pole, mwanangu.)

Jana aliingia bila kubisha, akaikuta bahasha yako ya tarehe 6 mkononi mwangu, nimeigeuza juu chini. Akaninyang'anya, akaisoma kwa sauti. Kisha akafungua droo akazikuta nyingine mbili, ya Mei na ya Juni, chini ya kitambaa cha kufutia hadubini, hazijafunguliwa. Akazisoma nazo. Nilisikia yote mara moja, siku moja, nikiwa nimekaa.

Nimepofuka katikati ya macho. Daktari ameupa ugonjwa huu jina refu, na amesema hauna dawa. Pembeni naona. Nikikutazama uso, nitaona masikio yako na ukuta ulio nyuma yako, pale kwenye uso pana doa la kijivu. Ilianza mwaka jana. Nilifikiri ni miwani, kisha balbu. Kufikia Aprili niliweza kuandika barua lakini nilikuwa nimeacha kusoma. Ile yako ya Aprili niliisoma kwa siku nne, herufi moja moja, kwa pembe ya jicho. Ya Mei sikuweza kabisa. Ningemwomba mtu anisomee, angejua. Angejua, ningeondolewa chumba hiki. Bawabu aliponiambia umepiga simu, nilimjibu, "Ndiyo, nimeshamwandikia." Nilisema hivyo kwa uso mkavu, nikaingia ndani.

Yule dume nilimharibu tarehe 11 Februari. Desturi yetu ni kukitoa kipapasio cha kushoto ili kichorwe pande zote. Nimekitoa kwa mamia ya buibui, mkono unajua wenyewe. Niliona nimeshika kiungo cha chini yake, kumbe nilikuwa nimeshika kipapasio chenyewe, nikakiponda. Nikasema basi, kipo cha kulia. Nacho kiliruka kutoka kwenye kibano. Nilipiga magoti nikapapasa sakafu na viganja mpaka jioni. Dume asiye na vipapasio ni uchafu ndani ya spiriti. Nilikudanganya kwamba yu salama.

Umeuliza kwa nini sikuandika jike peke yake. Ningeweza, Machi ningekuwa nimemaliza. Lakini niliziona zile ndoano, mpwa wangu, mimi wa kwanza duniani kuziona, na nilitaka ziwe kwenye ukurasa kwa mkono wangu. Hicho ndicho kiburi changu, sina pengine pa kukiweka.

Bado kuna jambo moja, na ndilo linaloniua. Mama Vipepeo alipomaliza kusoma barua zako aliniuliza, "Na ile chupa kubwa uliyoiwekea alama, uliichambua kwa macho haya haya?" Nikasema ndiyo. Akaiteremsha, akang'oa kifuniko. Hakuna aliyewahi kufungua chupa yangu. Ilimchukua saa moja na nusu. Wapo madume sita, mpwa wangu. Sita, wazima, na vipapasio vyao vyote. Walikuwa kwenye rafu juu ya kichwa changu tangu Februari, wakati wewe unachekecha magunia arobaini kwenye mvua.

Ndani ya bahasha hii kuna barua yenye muhuri, mkuu wa idara ameitia sahihi leo asubuhi. Ipeleke kwa mwenyekiti. Labda mashine zilichelewa, labda mvua iliwazuia. Michoro anafanya Mama Vipepeo, mimi namwambia tu atazame wapi. Buibui huyu nataka nimpe jina lako, kwa kuwa wewe ndiye uliyempata.

Nimemwomba mkuu wa idara chupa zote nilizoziwekea alama tangu mwaka jana zifunguliwe upya. Ni mia mbili na kumi. Kuanzia Jumatatu sina chumba.

Sijui kama neno samahani linatosha hapa. Nalisema hivyo hivyo.

Mjomba wako

---

Kituo cha msitu
4 Agosti

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako imefika Alhamisi, na ile ya muhuri. Niliipeleka siku ile ile kwa sababu uliniomba. Mwenyekiti aliisoma yote, akageuza na nyuma, akaniuliza, "Bonde lipi hili?" Hakuwa ananikejeli. Alitaka kujua kama kuna bonde jingine.

Mashine hazikuchelewa. Walianza tarehe 9 kama walivyosema, na siku nane zikawatosha. Sasa jua linafika mpaka chini. Majani yaliyokuwa na baridi mchana yamekauka, ukiyashika yanavunjika, na upepo unayahamishia barabarani. Nilikwenda Jumamosi nikachekecha tangu asubuhi mpaka mikono ikafa ganzi. Nimepata siafu, mende wawili na vumbi la mbao. Nimekwenda tena Jumapili na nimepata hayo hayo.

Nina hasira nawe na sitakuficha. Macho hayo si kosa lako. Kipapasio si kosa, mkono wa mtu yeyote huteleza. Chupa nayo ningeimeza, hukuona na hukujua. Lakini ulikuwa na mtu mwenye macho mazima upande wa pili wa ukuta, tena anaingia kila siku kuuliza kama unataka msaada, na wewe ukazifunika barua zangu na kitambaa. Neno moja tu kwake lingetosha. Nalala nalo hilo, naamka nalo.

Jina langu usilitumie. Mimi ndiye niliyetia sahihi ile orodha, na siwezi kubeba na buibui. Wape jina la bonde. Mahali pa kueleza anapoishi, andikeni ukweli kama ulivyo, na tarehe za kukatwa ziwemo. Katika madume sita, mmoja awekwe kando asiguswe na mtu.

Mama nilimsomea barua yako nzima, hata pale ulipojitukana. Hakulia. Aliniambia nirudie sehemu ya uso, ile ya masikio na ukuta, nikarudia. Akauliza kama doa hilo linakua. Nikasema sijui, nadhani linakua. Akaanza kutandika kile kitanda cha chumba cha nyuma, na goti lile lile bovu, hakutaka nimsaidie.

Anasema uje, na uje sasa, usingoje mambo ya pensheni. Basi la Ijumaa. Mwombe Mama Vipepeo akupandishe na amwambie kondakta akushushe kwetu. Mimi sitakuja kituo cha basi, bado siwezi, usinilazimishe. Atakuja Mama. Ukishuka simama hapo hapo penye ngazi za basi, usihangaike kumtafuta. Yeye atakuona.

Mpwa wako